Mubuku, Nyamwamba au Sipi: wapi pa kupiga hema kando ya mto wa mlimani

Mdogo wangu anayefanya kazi Jinja alinipigia simu mwezi uliopita. Wamejikusanya watu kumi na wawili, wazazi wanne na watoto wanane, na wanataka siku tatu za kulala kwenye mahema kando ya mto, mahali penye milima na baridi kidogo. Amesoma sifa za kambi mpaka zimemchanganya, maana kila moja inajiita pepo ya duniani. "Dada," akaniambia, "wewe umezaliwa Kasese na umeolewa Mbale. Niambie tu, tuje nyumbani au twende kwa shemeji?"

Swali lake ni zuri, maana kwa mtu wa Uganda anayetafuta mto wa mlimani, sehemu kubwa ya uamuzi iko hapo: Rwenzori magharibi au Elgon mashariki. Kwa upande wa Rwenzori kuna mabonde mawili yanayofikika kwa urahisi kutoka Kasese mjini, la mto Mubuku na la mto Nyamwamba. Kwa upande wa Elgon wengi huenda Sipi. Nimelala kote huko, na watoto na bila watoto, kwa hiyo nitasema ninavyoona, wala sitaficha ninakoegemea.

Usiku mmoja wa Oktoba

Kabla ya kulinganisha, nieleze kwa nini mimi huanza na ardhi kabla ya mandhari.

Miaka kadhaa iliyopita tulipiga hema kwenye kambi moja upande wa Rwenzori, jina naliacha. Msimamizi alituonyesha uwanja wa changarawe ulio karibu kabisa na maji, akasema ndipo wageni wanapopapenda. Kweli palikuwa pazuri. Watoto waliosha sahani juu ya jiwe kubwa lililoingia mtoni, tukala, tukalala chini ya anga iliyojaa nyota. Halikudondoka hata tone la mvua.

Saa nane usiku niliamshwa na sauti kama ya lori linalomwaga kokoto. Mume wangu akawasha tochi. Lile jiwe la kuoshea sahani halikuonekana tena, na maji yalikuwa hatua tano kutoka kwenye kamba za hema. Sauti ile ilikuwa ya mawe yanayogongana chini ya maji. Tulibeba watoto tu, tukapanda kuelekea jikoni kwao. Asubuhi pale tulipolala palikuwa na mkondo wa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Msimamizi akasema, kwa upole kabisa, kwamba maji hupita pale karibu kila mwaka wakati kama ule.

Alikuwa analijua hilo jioni tulipofika. Hilo bado linaniuma. Mvua ilikuwa imenyesha juu mlimani, mbali na macho yetu, na mto ukaileta usiku. Mito ya Rwenzori inashuka kutoka zaidi ya mita 4,000 hadi tambarare ya Ziwa George iliyo chini ya mita 1,000, kwa mwendo mfupi tu. Maji hayapati mahali pa kutulia njiani.

Mubuku: mto wenyewe

Bonde la Mubuku ndilo lango la zamani la Rwenzori. Duke wa Abruzzi kutoka Italia alipitia humo mwaka 1906 alipokwenda kupanda vilele vya juu, na mpaka leo wapandaji wengi wanaoelekea kilele cha Margherita, mita 5,109, huanzia kijiji cha Nyakalengija. Kutoka Kasese unafuata barabara ya Fort Portal kama kilomita kumi, kisha unakata kushoto kuingia mlimani kupitia Ibanda. Safari nzima ni kama kilomita 25. Bodaboda wanaijua njia, na gari dogo linafika kukiwa kukavu.

Kwa mtu anayetaka mto, hapa hakuna ubishi. Mubuku na mwenzake Bujuku hukusanya maji ya theluji na ya mabwawa ya juu, na yanafika bondeni yakiwa baridi na meupe kwa povu katikati ya mawe makubwa kama nyumba. Unausikia ukiwa bado barabarani. Wakonzo, wenyeji wa huku, wanasema mungu wao Kithasamba anakaa kule juu kwenye theluji, na ukisimama alfajiri penye daraja, wingu likiwa limefunua mlima kwa dakika kumi tu, unaelewa ni kwa nini watu waliusogelea mlima huu kwa heshima.

Kambi za huku ziko kwenye urefu wa kama mita 1,600. Ile ya Ruboni, inayoendeshwa na wanakijiji wenyewe, ina faida ninayoithamini kuliko bafu la maji moto: watu wanaokupokea ni watu wa hapo hapo. Ukimuuliza mama anayepika mto ulifika wapi wakati wa mafuriko ya mwaka 2020, atakuonyesha kwa kidole. Chakula chao pia kinanipendeza mno, bundu, yaani ugali wa muhogo, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki wakipatikana. Shughuli za kutwa hazihitaji kuingia hifadhini: kuna matembezi ya vilimani, wasuka vikapu, mashamba ya kahawa na migomba.

Ukitaka kuingia Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, hata kwa siku moja, utalipia getini kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na bei ya raia wa Afrika Mashariki ni tofauti na ya mgeni. Bebeni vitambulisho vya kila mtu mzima. Na msiokote kuni ndani ya hifadhi, zinunueni kijijini.

Upungufu wake? Mvua. Huku hunyesha hata katika miezi inayoitwa ya kiangazi. Njia ya udongo baada ya Ibanda huwa telezi, na nguo zikilowa leo hazikauki kesho. Mto wenyewe haufai kuogelea. Watoto wachezee kando, maji yakiwa chini ya goti, na mtu mzima awe upande wa chini wa mkondo, awakamate ikibidi. Mubuku unazungusha mitambo ya umeme ya Bugoye, megawati 13; sihitaji maelezo mengine ya nguvu yake.

Nyamwamba: bonde zuri lenye historia nzito

Nyamwamba unapita Kilembe, iliyo kama kilomita 10 na kitu kutoka Kasese mjini. Ni karibu, barabara yake ni fupi, na ukiingia unakutana na kitu ambacho Mubuku haina: mji wa zamani wa migodi uliobanwa katikati ya milima. Shaba ilichimbwa hapa tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nyumba za wafanyakazi bado zimepangwa kwa safu ubavuni mwa mlima, na Kiswahili unakisikia vizuri, kwa kuwa migodi ilivuta watu wa kila kabila na mpaka wa Kongo hauko mbali. Napapenda sana. Baba yangu mdogo alifanya kazi mle, na sisi tulipokuwa wadogo Kilembe ndiyo ilikuwa safari ya sikukuu.

Lakini mtu aliyekulia Kasese hawezi kukwambia "nenda Kilembe ukalale kando ya mto" bila kukueleza ya Mei. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulishuka na miamba na magogo, ukabomoa nyumba, ukaingia hospitali ya Kilembe, ukaua watu. Mwaka uliotangulia, Februari 2012, moto ulikuwa umeunguza mimea ya juu kwenye chanzo cha mto huo huo, na ardhi iliyo uchi haizuii maji. Mei 2020 mto ulirudi tena, hospitali ile ikaharibiwa tena, na maelfu ya watu wakahama. Ukipita leo utaona uwanda mpana wa mawe meupe mahali ambapo sisi tuliokuwa watoto tunakumbuka bustani.

Mwaka 2020 mito mingine ya Kasese nayo ilivuka kingo, Mubuku ukiwamo. Hakuna mto wa Rwenzori ulio mpole. Tofauti ninayoiona mimi ni ya nafasi. Huko Kilembe bonde ni jembamba, na sehemu kubwa ya ardhi tambarare ndiyo hiyo hiyo ambayo mto umeshaichukua. Mubuku una vilima vya pembeni unavyoweza kulala juu yake na bado ukausikia mto usiku kucha.

Kuna na suala la maji ya kunywa. Mabaki ya mgodi yamelundikwa kando ya Nyamwamba, na mvua huyasomba hadi mtoni. Kuchemsha maji huua vijidudu, hakuondoi shaba wala kobalti. Kwa hiyo kwa Kilembe msitumie maji ya mto kwa kupikia. Nunueni au tumieni maji ya bomba la wenyeji wenu.

Kilembe naipendekeza kwa nani basi? Kwa watu wazima wanaopanda mlima kwa njia ya Kilembe na wanahitaji usiku mmoja kabla na mmoja baada. Kwa wapenda historia pia. Waende, wazungumze na wazee wa mgodini, walale kwenye nyumba ya wageni iliyo juu ya bonde. Hema wasilipige chini kwenye mawe, hata wakiambiwa ni salama, hata kama ni Januari.

Sipi: maji ya kutazama

Sasa kwa shemeji. Sipi iko Kapchorwa, urefu wa kama mita 1,800, na barabara ni lami kutoka Mbale hadi hapo. Kwa familia inayotoka Jinja huo ni ushindi mkubwa: mnaondoka asubuhi, mnakula mchana Mbale, mnapiga hema jua likiwa bado juu. Kwenda Kasese mnahitaji siku nzima barabarani, na watoto wanane kwenye gari siku nzima ni kazi yenyewe.

Maporomoko ni matatu, na lile la chini linakaribia mita 100. Kambi nyingi zimekaa ukingoni, zikitazama bondeni, na jioni jua linazama juu ya tambarare isiyo na mwisho. Mandhari ya Sipi inashinda ya Mubuku, nakubali, tena kwa mbali. Wingu la Rwenzori litakunyima mlima siku tatu mfululizo; Sipi hainyimi mtu kitu. Kahawa nayo ni ya kupandwa uani. Wenyeji watawaonyesha jinsi ya kuimenya, kuitwanga kwenye kinu, kuikaanga kwenye chungu na kuinywa hapo hapo, na watoto wakubwa hawatasahau. Wasabiny wengi wanazungumza Kiswahili bila taabu kwa sababu ya ujirani na Kenya. Ukishuka kwa Wagisu, upande wa Mbale, ulizia malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga.

Ila sikiliza neno "kando ya mto" linavyotumika Sipi. Mara nyingi maana yake ni kuuona na kuusikia. Mto uko chini ya jabali au upande wa pili wa shamba la mtu. Ukitaka kushuka kwenye maji unapita kwenye mashamba ya watu, na wenye ardhi hutoza kiasi kidogo kila sehemu. Hilo ni haki yao, kwani maporomoko yako nje ya hifadhi. Kubalianeni bei na mwongozaji mmoja kabla hamjaanza, iwe ya mzunguko mzima, ili msije mkabishana kila kwenye kizuizi. Na watoto wasioge hata kidogo mahali pa mto palipo juu ya maporomoko. Maji pale hudanganya kwa utulivu wake.

Kuhusu ardhi, Elgon inatisha kwa namna nyingine. Ni volkano ya kale, udongo wake ni mwekundu, mzito, unaokunywa maji mpaka unaachia. Nametsi huko Bududa, 1 Machi 2010, kilima kilifunika kijiji. Novemba 2024 ikawa Bulambuli, jirani kabisa na Kapchorwa. Na mafuriko ya Mbale ya mwisho wa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika, niliyaona kwa macho yangu. Kwa hiyo nikiwa Rwenzori naukodolea macho mto ulio mbele yangu. Nikiwa Elgon nageuka kutazama mteremko ulio nyuma ya hema. Ukiona ufa kwenye ardhi, miti iliyoinama yote upande mmoja, au chemchemi mpya inayotoka mahali pakavu, hamisha mahema jioni hiyo hiyo. Kwa bahati nzuri kambi nyingi za Sipi zimekaa juu ya mwamba, wala si chini ya kilima kilicholimwa. Hofu ya kila siku pale ni ukingo wenyewe. Ukiwa na mtoto wa miaka minne, uliza kama kuna uzio, halafu ukaushike kwa mkono uone kama unatikisika.

Namna ninavyosoma uwanja

Popote mtakapochagua, fikeni kabla ya saa kumi na moja jioni, muone ardhi kwa mwanga. Mimi huanza na mawe: ya mviringo na safi, bila kuvu wala majani, yamesogezwa na mto hivi karibuni. Kisha natazama vigogo vya miti. Takataka kavu zilizokwama usawa wa bega zinakuonyesha kimo cha maji ya mwisho. Baada ya hapo naangalia migomba. Shina la mgomba halivumilii mkondo, kwa hiyo shamba la migomba mikongwe ni ushahidi mzuri kwamba maji hayajapita hapo kwa miaka. Na mwisho naangalia wenye kambi wenyewe wamejenga jiko lao wapi. Hakuna anayejenga jiko lake mahali anapojua litaondoka.

Kipimo changu, nilichojiwekea baada ya usiku ule, ni hema kuwa juu ya maji kwa zaidi ya kimo cha watu wazima wawili, na njia ya kupanda iwe wazi hata gizani, bila kuvuka kijito chochote. Watu wengi husahau hicho kijito kidogo cha pembeni, nacho ndicho hufunga njia kwanza. Usiku mto ukibadilisha sauti, ukageuka ghafla kuwa kimya au ukaanza kugonga mawe, msisubiri kuona.

Mengine kwa kifupi

Nimeulizwa pia kuhusu Buhoma, kwenye mto Munyaga ukingoni mwa msitu wa Bwindi. Ni pazuri na msitu uko mlangoni, ila ukienda hadi kule bila kibali cha kuwaona sokwe utakuwa unawaonea wivu majirani zako. Kidepo, kaskazini-mashariki mwa nchi, ni bonde la milima kweli, lakini mto Kidepo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Ishasha, sehemu ya kusini ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, pana kambi kando ya mto, na viboko hupanda ukingoni kula majani usiku. Kwa watu wazima watulivu ni tamu sana. Kwa watoto wanane, hapana.

Miezi ni muhimu kuliko jina la kambi. Kwa Rwenzori, kati ya katikati ya Desemba na mwisho wa Februari ndipo bora, na Juni na Julai kunafuata. Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, mimi sipigi hema bondeni. Kwa Elgon, Desemba hadi Februari. Katikati ya mwaka huko mvua haipumziki vya kutosha. Baridi ya usiku iko pande zote, Sipi zaidi kidogo, kwa hiyo blanketi moja kwa kila mtoto halitoshi, na chini ya godoro tandikeni turubai.

Wakati wa kuulizia bei, ulizeni kama ni kwa hema au kwa kichwa, kama kuni na maji ya moto vimo ndani, na kama kuna jengo imara lenye nafasi ya kundi lote iwapo mvua itawafukuza kwenye mahema. Jibu la swali hilo la mwisho ndilo lililonisaidia kukataa kambi mbili ambazo picha zake zilinivutia sana.

Kwa hiyo nilimjibu hivi: kama mna siku tatu tu pamoja na safari, nendeni Sipi, na mimi nitakuja Jumamosi na maandazi. Mkiongeza mbili zikawa tano, njooni Mubuku, mlale kilimani na si chini, maana watoto wa Jinja wanaijua Nile iliyo pana na hawajawahi kugusa maji yaliyotoka kwenye theluji.

Ameomba ruhusa ya siku tano, wiki ya pili ya Januari. Nimemwambia alete gambuti kwa kila mtoto, tochi mbili kwa kila hema, na asiniahidi kufika jioni. Afike mchana, tutembee pamoja ukingoni kabla hajafungua hata mfuko mmoja.